Tai na Kidole Gumba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuletea shikamoo hii kwenye karatasi kwa sababu ile ya kwenye simu huwa unaipokea vizuri, unasema marahaba, halafu unampa simu wifi yangu kabla sijafika kwenye salamu ya pili. Barua huwezi kumpa mtu kabla hujaisoma mwenyewe. Nakujua, utataka kwanza ujue imeandikwa nini. Udadisi wangu huu sikuuokota njiani.

Magoti yanasemaje? Kaka ameniambia kwamba sasa unapanda ngazi bila kushika ukuta, nami nikabaki najiuliza kama ni kweli au anasema hivyo ili nisipande basi kuja kuangalia. Na macho je? Ile miwani niliyoibana kwa uzi bado inashika au wifi amekununulia nyingine? Msalimu sana wifi, na umwambie kitambaa alichonishonea nimekiweka mezani na hakuna anayeruhusiwa kuweka kikombe juu yake. Sisi huku ni wazima wa mwili. Habari za moyo nitakupa mbele, usiziruke.

Pamoja na barua hii utakuta kopo la bati limefungwa kwa mpira. Nakuomba, Mama, usilifungue mpaka ufike mwisho wa barua. Najua nimekuomba jambo gumu, kwa sababu ningeletewa mimi, mpira ungekuwa umeshakatika. Liweke mahali pa baridi, mbali na dirisha, na wifi asije akalipaka kwenye mkate akidhani ni siagi.

Sasa habari za kiwanda chetu, kama bado unaniruhusu kukiita chetu. Mkata sabuni wako anakusalimu. Bado anakata kwa waya, bado anagombana na lile pipa la pili kana kwamba ni mke mwenza. Ile aproni uliyomwachia hajaivaa hata siku moja. Ameitundika kwenye msumari karibu na mlango, na kila Jumamosi anaifua, anaianika, anaitundika tena. Nilimuuliza kwa nini anafua aproni isiyovaliwa. Akanijibu kwamba haiwezekani kiwanda cha sabuni kiwe na aproni yenye vumbi. Niliona kuna jibu lingine limejificha nyuma ya hilo, nikaliacha lilale.

Unakumbuka ulivyoondoka. Mimi nakumbuka mpaka saa. Nilirudi kutoka kwa yule mnunuzi wa supamaketi nikakuambia kwamba amekataa sabuni zetu kwa sababu ya kile kishimo unachokiacha na kidole gumba kwenye kila kipande. Ulikuwa umesimama kwenye vichanja, umefika safu ya tatu. Hukubishana. Ulinawa, ukafuta vidole kimoja kimoja, ukasema sawa. Wiki iliyofuata ukaenda kwa kaka kupumzisha magoti, na ni miezi saba sasa magoti yanapumzika.

Ulipoondoka nikaingia kazini kwa bidii zote. Nilinunua kalibu za chuma zinazotoa vipande laini vyenye kona kali, ambavyo havihitaji kuguswa na mtu. Halafu nikasema biashara ya kisasa lazima iwe na nembo, nikaenda kwenye duka la fotokopi. Mwenye duka alifungua kompyuta akanionyesha ndege, simba, nyota na mikono inayoshikana, vyote vimeshachorwa, kazi yangu ni kuchagua. Nikamchagua tai. Alikuwa amekunjua mbawa juu ya dunia, na mwenye duka akamwongezea taji bila malipo na mapovu kidogo miguuni. Nilimuuliza kama tai ana uhusiano wowote na kufua. Akasema tai ni nguvu. Nikaridhika kabla chai niliyokaribishwa haijapoa, nikatoka nimebeba nembo. Kipya kinyemi, Mama, nilitembea na karatasi ile nikiwaonyesha hata watu wasionunua sabuni.

Wa kwanza kunishtua alikuwa dobi, yule mama mwenye sauti nzito anayefulia hoteli. Alikuja kuchukua mzigo wake wa wiki, akakigeuza kipande mkononi, akakirudisha, akaomba nimpe ile yenyewe. Nikamwambia ndiyo hii. Akaniangalia kama unavyomwangalia mtoto anayeapa kwamba ameoga. Siku hiyo alichukua nusu ya mzigo, na wiki iliyofuata hakuja. Nilimwapia mkata sabuni kwamba mafuta ni yaleyale, magadi ni yaleyale, na moto ni uleule. Akasema yeye anajua, ila hanunui yeye.

Halafu panya wakaingia stoo. Nikatuma mtu aninunulie sumu, akaniletea pakiti, nikaiweka mezani kando ya sabuni. Mama, tai alikuwa yuleyule. Dunia ileile, taji lilelile, hata ule unyoya uliopinda kwenye bawa la kulia. Tofauti ilikuwa mapovu tu. Mkata sabuni aliviangalia vyote viwili kwa utulivu, akaniuliza kipi tuwawekee panya. Nilicheka kwa sababu sikuwa na la kufanya, lakini kesho yake alikuja mama mmoja mwenye mapacha akarudisha vipande sita. Alikuwa mpole. Alisema hana ubaya nasi, ila nguo za watoto wachanga hawezi kuzifulia kitu chenye alama ya sumu, roho inakataa. Ningembishia nini?

Mwishowe hata supamaketi walinirudishia katoni. Mnunuzi wao ni mtu muungwana, alinikalisha akanieleza kwamba watu wanaichukua rafuni, wanaiangalia, wanairudisha, wanachukua nyingine. Akaandika anwani kwenye kipande cha karatasi akasema kuna mwanamke anayechora nembo, nikamwone kabla sijafunga.

Nilimkuta juu ya duka la fundi viatu, kwenye chumba cha meza moja na dirisha moja. Nilitegemea kuta zimejaa picha. Zilikuwa nyeupe. Nilimweka tai mezani nikamsimulia, naye akaniuliza nilimnunua kwa kiasi gani. Nikamwambia ni kama chakula cha mchana. Akasema ndiyo maana ameajiriwa kila mahali.

Bei yake ilikuwa sawa na mabati mapya ya chumba cha kukaushia, ambayo tumekuwa tukiyawekea akiba tangu ulipokuwepo. Nilimwambia wazi kwamba siwezi kulipa paa zima kwa ajili ya mchoro. Hakukasirika. Alisema mchoro wenyewe ataniwekea bure ikibidi, kwa kuwa kuchora si kazi ya muda mrefu. Anacholipwa ni zile siku za kutafuta kinachostahili kuchorwa. Nikarudi nyumbani nikasikia sauti yako kabisa ikisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilikaa na sauti hiyo siku tatu. Siku ya nne nikaenda nikalipa. Sitakudanganya kwamba nilikuwa nimepiga hesabu za kibiashara. Nilitaka kujua atatafuta wapi, na atakuta nini. Kwa hiyo paa bado linavuja, Mama, na mabeseni uliyoyaacha yote yana kazi.

Alikuja amevaa viatu vyeupe, nikasema huyu hadumu. Akadumu. Siku ya kwanza hakutoa hata penseli. Aliuliza kwa nini tunakata kwa waya na si kwa kisu, kwa nini vichanja vinaelekea mlangoni, kwa nini tunakaushia kivulini. Alichukua kipande akaenda bombani akafua kitambaa chake cha kichwa, akakikamua, akakinusa, akafua tena. Kufikia mchana kiwanda kizima kilikuwa kimembatiza jina, Dada Kwa Nini, na alipolisikia akauliza kwa nini. Ugonjwa wenyewe unaambukiza. Siku ya pili nilijikuta najiuliza kwa nini nakoroga kuelekea kulia, nikakumbuka kwamba ni kwa sababu wewe unakoroga kuelekea kulia, na sikujua wewe ulijifunza kwa nani. Nikipata jibu kwenye barua yako nitafurahi.

Siku ya tatu alikuja na karatasi tupu na penseli kumi. Alikwenda kukaa pale kwenye mabomba wanapofulia, akamwomba kila anayetumia sabuni yetu achore alama yake kwa kukumbuka tu, bila kuangalia popote. Wengine walisema hawajui kuchora. Akawaambia yeye ndiye anayejua, wao wakumbuke tu. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa tangi nikisikiliza, na usitikise kichwa, ningefanya nini na jina langu ni Kiherehere?

Alirudi na karatasi ishirini na mbili akazitandaza kwenye meza ya kukatia. Nilikuwa na hamu ya kumwona tai wangu. Tai walikuwa wawili, na mmoja wao ni kuku bila ubishi. Mtu mmoja alichora ndoo. Wawili walirudisha karatasi tupu. Waliobaki, Mama, wote kumi na saba, walichora kitu kimoja: kisanduku kirefu, na karibu na mwisho wake kiduara kilicholala upande wa kushoto. Nilivigeuza vile vikaratasi huku na huku. Nilidhani wamechora sahani ya sabuni. Mkata sabuni ndiye aliyeona kwanza. Aliweka mkono mdomoni akatoka nje, na nilipomfuata alikuwa anaifua ile aproni, na siku hiyo haikuwa Jumamosi.

Dada Kwa Nini akamwita dobi amweleze kile kiduara. Dobi hakueleza kwa maneno mengi. Alisema mkono ukiwa na povu sabuni huteleza, na ile ya zamani ilikuwa na mahali pa kukaa kidole. Akaonyesha. Alishika hewa, gumba likajikunja na kulala upande wa kushoto, mahali hasa linapolala lako. Alisema amefua na kidole pale miaka kumi na tisa, na kwamba kipande kikianguka kwenye maji machafu anakipapasa tu, akigusa kile kishimo anajua hii ni sabuni na hili ni jiwe. Akasema tangu sabuni iwe laini anafua kama mgeni.

Mimi nilizaliwa kwenye kiwanda hiki, Mama. Nimeona ukibonyeza vipande asubuhi na jioni, mia mbili kwa siku, na sikuwahi kuuliza kwa nini. Mimi, ninayeuliza mpaka paka wa jirani amelala wapi. Nilidhani ni mazoea yako tu, kama mtu anayegonga meza akiongea. Ilibidi mkata sabuni anisimulie, tena akishangaa kwamba sijui. Alisema mwaka ule wa kwanza, mimi nikiwa mgongoni kwako, uliuza mzigo ambao haujakauka, ukayeyuka kwenye ndoo za watu, na mwanamke mmoja alikuja akamwaga uji wa sabuni mlangoni kwako watu wakiona. Ukawarudishia wote sabuni nyingine. Halafu ukasema hakitatoka kipande humu ambacho hukukibonyeza wewe mwenyewe: kikipasuka hakijaiva, kikinata hakijaiva, kikibaki na alama bila kunata, kiende. Kumbe kile kishimo kilikuwa neno lako. Watu hawakuambiwa, lakini walilielewa kwa vidole.

Sasa, unamjua mwanao. Badala ya kutulia na jambo kubwa namna hiyo, nilitaka kulitengeneza siku hiyohiyo. Kesho yake asubuhi niliacha kalibu za chuma nikamwaga sabuni kwenye masanduku ya zamani. Nikabonyeza kwa kidole changu, kikatoka kishimo cha njegere. Mkata sabuni akabonyeza kwa chake, kikatoka bakuli. Nikachukua kijiko, nikageuza mgongo wake, nikakilaza kushoto kidogo, na kwa kweli kilitoka kizuri kuliko vyote. Nilijipongeza. Nikampelekea dobi kipande bila kusema neno. Akaweka kidole, akakitoa, akanirudishia sabuni yangu. Alisema hiki ni kijiko. Hakununa, alisema tu, kisha akaendelea kusuuza.

Nilipomsimulia Dada Kwa Nini alicheka mpaka akafuta macho, halafu akawa mtu wa kazi tena. Alisema nembo tayari ipo na ina umri karibu sawa na wangu, kwa hiyo yeye hana cha kubuni. Kazi yake itakuwa kuipima, kuichora kwa mstari safi, kuhakikisha inaonekana kwenye karatasi ya kufungia na kwenye katoni na hata kwenye kibao cha mlangoni, ikiwa kubwa au ikiwa ndogo kama ukucha. Na kalibu zichongwe upya ziwe na kishimo chenyewe, ili kidole cha mfuaji kikae kama zamani. Kwa hayo yote alihitaji kidole cha mwenyewe. Akauliza mwenyewe yuko wapi. Nikasema yuko kwa kaka, magoti. Akauliza basi kwa nini kishimo kiliondolewa. Nikasema supamaketi walikikataa. Akaandika. Akasema kesho atapita kwa yule mnunuzi, ambaye ni mteja wake wa siku nyingi, amuulize hasa nini hakukipenda, ili achore akijua.

Nikamwambia hakuna haja. Bila shaka unajua aliniuliza nini.

Mama, hapa ndipo nilipotaka kufika tangu shikamoo. Kama wifi amekaa karibu, mwombe akutengenezee chai.

Yule mnunuzi hakukataa. Hakusema neno baya hata moja juu ya sabuni yetu wala juu ya kidole chako. Alikichukua kipande, akaweka gumba lake kwenye kile kishimo, akalizungusha kidogo, akaniuliza hiki ni nini. Aliuliza tu, kama ningeuliza mimi. Na mezani kwake kulikuwa na sabuni za viwanda vikubwa, zimepangwa, zinang'aa, kila moja na karatasi yake, na yetu katikati imefungwa kwa gazeti. Nikaona haya. Niliona haya ya kishimo, na ya gazeti, na Mungu anisamehe, nilikuonea haya wewe. Nikamjibu kwamba ni kasoro ndogo ya utengenezaji na tutaiondoa. Akasema sawa, akaandika, mazungumzo yakaendelea kwenye mambo mengine. Mimi ndiye niliyesema kasoro. Njia nzima ya kurudi nilikuwa natafuta namna ya kukuambia, na nilipokukuta kwenye vichanja nikaona rahisi zaidi kumtwika mtu ambaye hutakutana naye.

Baadaye nilijiambia kwamba nilitaka kidole chako kipumzike, kwa sababu nilikuwa nakuona usiku ukikikanda. Ni kweli nilikuwa nakuona. Lakini siku ile sikukiwaza kidole chako hata kidogo, niliwaza jinsi nilivyoonekana mimi mbele ya meza ile. Njia ya mwongo fupi, ila yangu imechukua miezi saba, na wewe ndiye uliyetembezwa. Nisamehe, Mama. Sina namna nyingine ya kulisema.

Nilimweleza Dada Kwa Nini yote hayo. Hakunihukumu wala hakunifariji. Alirudisha penseli mfukoni akasema hawezi kuichora. Alisema nembo ni ahadi iliyowekwa mahali pa kuonekana, na hii ni ahadi ya mtu mwingine. Mimi siwezi kumpa na yeye hawezi kuichukua. Nikakuombe, na kabla sijaomba nikuambie ukweli wote, kwa sababu mtu anayetoa kidole chake ana haki ya kujua anampa nani. Nilimuuliza je, ukikataa? Akasema basi nitakuwa nimelipa paa kujua ninachodaiwa na mama yangu, na kwamba ana wateja waliolipa zaidi wakapata kidogo. Sikupenda jibu hilo, lakini sijalipata kosa lake mpaka leo.

Nimewaza sana juu ya methali yako. Chema chajiuza, ndiyo, na chetu kilijiuza miaka yote bila tarumbeta. Ila nimegundua kwamba hata chema kina sura ambayo watu hukijua kwayo. Mimi niliifuta sura hiyo kwa mikono yangu, nikambandika ndege wa sumu, halafu nikashangaa watu wanapita bila kutusalimia. Ungenirudisha siku ya kwanza ningemlipa Dada Kwa Nini bei ya paa kwanza, na kalibu baadaye. Au ningekuuliza wewe, ambaye ungenijibu bure.

Sasa fungua kopo.

Hicho ni kipande cha mzigo wa jana jioni, nimekifunga kwa kitambaa kibichi ili kisiwahi kukauka. Unajua kuliko mimi: siku ya pili kitakubali kidole, siku ya tatu kitakubali kwa shida, siku ya nne kitagoma. Basi la barua linachukua siku mbili. Sikuharakishi mimi, ni sabuni inayoharakisha. Ukiona inafaa, kibonyeze, ukirudishe kwenye kopo, umpe kaka alipeleke kituoni. Bonyeza kama ulivyokuwa unabonyeza kwenye vichanja, usibonyeze kwa adabu kama mtu anayetia dole kwenye fomu. Nembo itasajiliwa kwa jina lako, nimeshauliza inavyofanyika, na mimi nitakuwa mtu wa kuomba ruhusa kwako kila nitakapotaka kuibandika mahali. Kama huoni inafaa, kirudishe hivyohivyo bila alama. Nitakielewa. Nitakiweka rafuni juu na sitauliza kwa nini, na hiyo itakuwa mara ya kwanza.

Na kuna jambo la mwisho ambalo halihusu nembo. Kalibu zikichongwa, zitaacha kishimo zenyewe, hutahitajika kubonyeza vipande mia mbili. Lakini hakuna chuma kinachojua kama sabuni imeiva. Tunahitaji mtu wa kukaa kwenye kiti, magoti yakiwa yamepumzika kabisa, abonyeze kimoja katika kila sanduku na kusema kiende au kisiende. Kiti nimeshakinunua, kina mto. Mkata sabuni anakaa juu yake nisipokuwepo, akidhani sijui. Njoo umtoe.

Mbusu kaka kwa niaba yangu, kama bado anakubali kubusiwa. Mwambie wifi nitamtumia sabuni ya nguo za kitandani mara tu tutakapokuwa na uso wa kuifungia. Watu wote wa kiwandani wanakusalimu, dobi anakusalimu, na Dada Kwa Nini, ambaye hamjaonana, anauliza wewe ni mtu wa namna gani. Nimemwambia asubiri.

Ni mimi, kitinda mimba wako anayejua sasa alichofanya,

Kiherehere

Nyongeza: Kabla ya kufunga kopo nilikibonyeza kile kipande upande wa chini, pembeni kabisa, kuona kama bado kimelainika. Utakiona kishimo cha njegere. Nilishindwa kujizuia. Upande wa juu sijaugusa.